Historia ya tumbaku: kwa nini sigara ni ngumu kuacha

"Babu alivuta tumbaku maisha yake yote na akafika uzeeni." "Nimejaribu kuacha mara tatu nikashindwa, mimi sina msimamo." Kama unavuta sigara, au unaishi na mvutaji, kauli hizi unazijua. Sisi wauguzi tunazisikia karibu kila tunapotembelea kaya.

Kauli zote mbili zinajibiwa na historia. Sigara ya leo si tumbaku ile ya babu. Ni bidhaa ya kiwandani iliyoboreshwa kwa zaidi ya miaka 100 ili nikotini ifike kwenye ubongo haraka na mteja arudi tena. Ukiielewa historia hiyo utaacha kujilaumu, na utajua unapambana na nini.

Kwa ufupi

- Tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioacha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwemo watu wasiovuta waliovutishwa moshi wa wengine.
- Kampuni kubwa za sigara zilijua madhara hayo miongo kadhaa kabla ya kuyakubali hadharani.
- Uraibu wa nikotini ni ugonjwa unaotibika. Kuacha kuna faida katika umri wowote.

Tumbaku ilitoka wapi?

Tumbaku ni mmea wa asili wa bara la Amerika. Wenyeji wa huko waliitumia kwa karne nyingi katika ibada, tiba na mikutano. Mwaka 1492 mabaharia wa Christopher Columbus waliwakuta watu wa visiwa vya Karibi wakivuta majani yake. Wahispania na Wareno wakaibeba kwenda Ulaya. Karibu mwaka 1560, Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, aliipeleka kwenye jumba la kifalme la nchi yake ikisifiwa kuwa ni dawa. Jina lake ndilo lililozaa neno "nikotini".

Si kila mtu aliipokea vizuri. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alichapisha kijitabu cha kuilaani, akionya kwamba inadhuru mapafu. Lakini faida ilikuwa kubwa kuliko onyo. Kuanzia miaka ya 1610 koloni la Kiingereza la Virginia lilifanya tumbaku kuwa zao lake kuu la biashara, na baadaye mashamba hayo yakaendeshwa kwa jasho la Waafrika waliofanywa watumwa.

Barani Afrika tumbaku ilifika kwa meli za wafanyabiashara, hasa Wareno. Kwetu ikaota mizizi: wengine waliivuta kwa kiko, wengine wakainusa kama ugoro, na pwani ikatafunwa pamoja na tambuu.

Je, tumbaku ya babu ilikuwa salama?

Hapana. Ugoro na tumbaku ya kutafuna husababisha saratani ya kinywa na huleta uraibu. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Moshi wa kiko ni mkali kooni, hivyo wavutaji wengi hawakuuingiza hadi ndani ya mapafu. Kabla ya karne ya 20 saratani ya mapafu ilikuwa ugonjwa adimu sana. Kilichobadilisha hali hiyo ni sigara ya kiwandani.

Sigara ilivyobadilishwa

Jambo la kwanza ni ukaushaji. Katika karne ya 19 wakulima wa Marekani walianza kukausha majani kwa joto la moto ndani ya mabani, bila moshi kuyagusa. Hii ndiyo wakulima wetu wanayoiita tumbaku ya mvuke. Moshi wake ni laini, na mtu anaweza kuuvuta hadi ndani kabisa. Ukifika kwenye mapafu, nikotini huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Kadiri dawa inavyofika haraka kwenye ubongo, ndivyo uraibu unavyoshika kwa nguvu.

Jambo la pili ni mashine. Zamani sigara zilisokotwa kwa mkono, chache kwa dakika. Mwaka 1881 Mmarekani James Bonsack alipata hataza ya mashine iliyotengeneza sigara kama 200 kwa dakika. Mfanyabiashara James Buchanan Duke alianza kuitumia mashine hiyo, bei ikashuka, na mwaka 1890 akaunganisha kampuni kubwa za Marekani kuwa American Tobacco Company. Mwaka 1902 kampuni hiyo na Imperial Tobacco ya Uingereza ziliunda British American Tobacco ili kuuza sigara katika nchi nyingine. Mwaka 1907 kampuni hiyo mpya ilikuwa imeshafika Mombasa, na mwaka 1928 sigara zilianza kutengenezwa Jinja, Uganda.

Jambo la tatu ni matangazo. Mashine ilizalisha sigara nyingi kuliko wavutaji waliokuwepo, kwa hiyo ilibidi wavutaji watafutwe. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari waligawiwa sigara pamoja na chakula. Mwaka 1929, Edward Bernays, mtaalamu aliyelipwa na American Tobacco, alipanga wasichana waandamane mjini New York siku ya Pasaka wakivuta sigara hadharani, ili uvutaji uonekane kuwa ni uhuru wa mwanamke. Magazeti yaliripoti kama habari ya kawaida.

Kampuni zilijua nini, na lini?

Mwaka 1950 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza waliwalinganisha wagonjwa wa saratani ya mapafu katika hospitali za London na wagonjwa wengine. Waligundua kwamba wenye saratani ya mapafu walikuwa karibu wote wavutaji. Doll mwenyewe aliacha sigara. Mwaka huohuo watafiti wa Marekani walipata matokeo kama hayo.

Desemba 1953 wakuu wa kampuni za sigara walikutana katika hoteli moja mjini New York. Wiki chache baadaye, Januari 1954, walichapisha tangazo katika magazeti zaidi ya 400 wakidai ushahidi haujathibitika na kuahidi kushirikiana na wataalamu wa afya. Siri zilizofichuka baadaye zinaonyesha picha nyingine. Mwaka 1963 mwanasheria wa kampuni ya Brown & Williamson aliandika, kwa matumizi ya ndani, kwamba nikotini inaleta uraibu na kwamba kuiuza ndiyo biashara yao. Waraka wa mwaka 1969 wa kampuni hiyohiyo ulieleza kwamba bidhaa yao ni kupanda shaka katika akili za watu.

Mwaka 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, alitangaza rasmi kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Mwaka 1981 mtafiti Takeshi Hirayama wa Japani alionyesha kwamba wanawake wasiovuta, lakini walioolewa na wavutaji, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Hata hivyo, mwaka 1994 wakuu wa kampuni 7 walikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, kila mmoja akasema haamini kwamba nikotini inaleta uraibu.

Mwaka 1998 kampuni kubwa zilikubali kuyalipa majimbo 46 ya Marekani zaidi ya dola bilioni 200 kwa miaka 25. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler alihukumu kwamba kampuni hizo ziliudanganya umma kwa miongo mingi.

Vipi kuhusu sigara "laiti" na vichungi?

Watu walipoanza kuogopa, kampuni ziliwapa vichungi na sigara zilizoitwa nyepesi. Kichungi chake kina matundu madogo sana yanayoingiza hewa. Mashine ya kupimia haizibi matundu hayo, kwa hiyo vipimo vilionekana vizuri. Mvutaji huyaziba kwa vidole na midomo, na mwili wake ukikosa nikotini anavuta kwa nguvu zaidi au anaongeza sigara. Hakuna sigara isiyo na madhara. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, zikiwemo kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka pia kwenye jiko la mkaa, na kemikali angalau 69 zinazosababisha saratani.

Leo hali ikoje?

Asilimia kama 80 ya watumiaji wa tumbaku duniani wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku ulianza kazi mwaka 2005. Tanzania ina sheria ya tumbaku ya mwaka 2003, Kenya ya mwaka 2007 na Uganda ya mwaka 2015. Hata hivyo, mtoto mwenye sarafu bado anaweza kupata sigara moja kwenye kibanda, na huwezi kusoma onyo la kwenye pakiti kama pakiti hujaiona. Pia kuna bidhaa mpya, kama sigara za kielektroniki na vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni, zenye ladha za matunda na mnanaa. Nikotini iliyomo ni ileile.

Wakulima nao wanaumia. Wanaochuma majani mabichi, hasa yakiwa na umande, hufyonza nikotini kupitia ngozi, na hupata kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Mwaka 2022 huko Migori, Kenya, mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali walianzisha mpango wa kuwasaidia wakulima wa tumbaku kuhamia mazao ya chakula kama maharage.

Hili linakuhusu vipi?

Ukijaribu kuacha ukarudia, hujaonyesha udhaifu. Umekutana na bidhaa iliyotengenezwa irudiwe. Wengi hufanikiwa baada ya kujaribu zaidi ya mara moja. Yafuatayo yanasaidia:

- Chagua tarehe ndani ya wiki mbili zijazo, na uwaambie watu unaoishi nao.
- Andika saa na sehemu unazovuta: baada ya chai, kijiweni, ukiwa na hasira. Panga utafanya nini badala yake.
- Tamaa ikija, subiri. Kwa kawaida hupita ndani ya dakika chache. Kunywa maji, tembea, mpigie mtu simu.
- Tegemea hasira, kukosa usingizi na njaa. Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi, kisha hali hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4.
- Uliza kituo cha afya au duka la dawa kuhusu vibandiko na jojo za nikotini. Kama una mimba au ugonjwa wa moyo, ongea na mtoa huduma kwanza.
- Usibadilishe sigara kwa ugoro, kuberi au shisha.

Mwili huanza kupona mapema. Baada ya dakika 20 mapigo ya moyo hushuka. Baada ya mwaka 1 hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hupungua kwa karibu nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hupungua kwa karibu nusu. Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, wakakuta kwamba anayeacha akiwa na miaka 30 huokoa kama miaka 10 ya uhai, akiwa na 40 miaka 9, akiwa na 50 miaka 6, na akiwa na 60 miaka 3. Kwa hiyo mzee wako pia hajachelewa.

Wakati gani uende kituo cha afya?

Nenda mapema ukiona kikohozi cha wiki 2 au zaidi, makohozi yenye damu, kupungua uzito bila sababu, kidonda au doa jeupe mdomoni lisilopona, au pumzi kukukatikia kwa kazi ndogo. Ukipata maumivu ya kifua ya ghafla, usisubiri hata kidogo. Uvutaji huongeza pia hatari ya kifua kikuu, kwa hiyo omba upimwe. Mwambie muuguzi ukweli kuhusu unachotumia na kwa kiasi gani. Tunauliza ili tukusaidie, si ili tukugombeze.