Milimita nne zilitoka wapi?

Hebu fikiria mama ana miaka 61, hedhi ilishakoma zamani, halafu asubuhi moja anaona damu. Anaenda hospitali, anapigwa altrasaundi: utando wa ndani ya kizazi una milimita 9. Anaambiwa lazima kinyama kichukuliwe kikapimwe. Mwenzake kwenye foleni, naye anatoka damu, ana milimita 3. Anaambiwa aende tu nyumbani. Sasa jiulize, mpaka huo aliuweka nani?

Zamani mpaka haukuwepo. Miaka ya 1840 daktari Joseph Récamier wa Paris alibuni kijiko cha kukwangulia kizazi, na kwa zaidi ya karne moja kukwangua (wengi tunaita "kusafisha") ndiko kukawa jibu la damu ya aina hiyo. Mama anapigwa nusu kaputi, anakwanguliwa, kisha mara nyingi anaambiwa hana saratani: utando umekonda tu kwa kukosa homoni. Lakini wachache wanayo. Utawajuaje bila kukwangua wote?

Mwaka 1995 watafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya walichapisha jibu. Walichukua wanawake 1,168 waliotoka damu baada ya kukoma hedhi, wakawapima kwa altrasaundi ya ukeni, halafu wakawakwangua wote. (Hapo ndipo uzuri wa utafiti huu: hakuna aliyeachwa kwa kudhaniwa mzima.) Waliokutwa na saratani walikuwa 114, na hata mmoja hakuwa na utando wa milimita 4 au pungufu. Basi, namba ikazaliwa, ikasambaa.

Ila wale walikuwa wanawake wa kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 2024 Kemi Doll na wenzake walichunguza wanawake weusi wa Marekani waliokuwa wametolewa kizazi. Kati ya 210 wenye saratani, 24 walikuwa na utando chini ya milimita 5. Yaani kwa kipimo kile, wangerudishwa nyumbani. Fibroidi, ambazo huku kwetu si ngeni, huvuruga picha, na kuna saratani kali zinazokua bila kunenepesha utando.

Kwa hiyo yule mama wa milimita 3 naye asisahaulike. Damu ikirudi, arudi hospitali, na aombe kinyama kichukuliwe.