Tiba ya Viashiria katika Ugonjwa wa Parkinson

Tiba ya viashiria ni mazoezi ya mwendo ambamo mgonjwa wa Parkinson hupewa ishara kutoka nje ya mwili wake, kama mistari sakafuni au mapigo ya metronomu, naye hupiga hatua kwa kuifuata. Mwaka 1967 daktari James Purdon Martin wa Uingereza alieleza jinsi mistari iliyokingama sakafuni ilivyowasaidia wagonjwa ambao miguu yao ilikuwa imegoma kutembea.

Ugonjwa huu huua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini. Dopamini ikipungua, miondoko ya mazoea husinyaa, na mtu huishia kuburuta nyayo. Katika miaka ya 1990, Meg Morris na wenzake huko Australia walionyesha kwamba uwezo wa kupiga hatua ndefu haujapotea. Wagonjwa waliowekewa mistari yenye nafasi ya hatua ya mtu mwenye afya walitembea karibu sawa naye. Mawazo yao yalipovutwa kwingine, hatua zilifupika tena. Kwa maneno mengine, ishara humfanya mgonjwa atembee kwa kukusudia, na kukusudia kila hatua kunachosha.

Jaribio la RESCUE, lililofanyika Ubelgiji, Uholanzi na Uingereza na kuchapishwa mwaka 2007, liliwafundisha watu 153 nyumbani kwao kwa wiki 3. Mwendo uliboreka kidogo, lakini wiki 6 baada ya mafunzo sehemu kubwa ya faida ilikuwa imefifia.

Ulaya ni vigumu kuupima mchango wa mazoezi peke yake, kwa kuwa wagonjwa wengi hutumia dawa ya levodopa. Wilayani Hai, Kilimanjaro, hali ilikuwa tofauti: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta wagonjwa wengi hawajawahi hata kutambuliwa. Baadhi yao walifundishwa kwa viashiria kabla ya kuanza dawa. Matokeo ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba kasi na ukubwa wa hatua viliongezeka, hata walipotembea huku wakifanya jambo jingine. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi wa kuvutia kuliko wote, ijapokuwa washiriki walikuwa wachache.

Swali gumu zaidi ni kiasi cha mazoezi. Jaribio la PD REHAB la Uingereza, lenye watu 762, halikuona faida ya maana ya tiba ya viungo, na kuna waliolisoma kama hukumu dhidi ya tiba yenyewe. Hukumu hiyo ya haraka haina msingi: wengi walipata vipindi 4 hivi tu. Mazoezi yalipokuwa mengi zaidi, picha ilikuwa tofauti: huko Uholanzi, watu 130 waligawanywa katika makundi mawili, moja likiendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani angalau mara 3 kwa wiki kwa miezi 6, jingine likijinyoosha tu. Dalili za mwendo, zilipopimwa dawa ikiwa imeisha nguvu mwilini, zilizidi waziwazi katika kundi la kujinyoosha. Kwa waendesha baiskeli zilibaki karibu palepale.