Gari Linaundwa Thika, Sisi Tunanunua la Japan: Nani Alaumiwe?

Kila nikiposti ndai iliyoshuka Mombasa juzi, lazima mtu aandike, "Vijana hamna uzalendo. Nunueni gari la Kenya." Sawa wasee. Lakini mnajua hilo gari la Kenya linatoka wapi? Linatoka hapa Thika, na limekuwa likitoka hapa tangu wazazi wetu wengi wakiwa watoto. Nataka tupitie hiyo historia pole pole, kwa sababu ukiijua hutamlaumu mtu wa Vitz tena.

Tuanze 1974. Mwaka huo Leyland Kenya ilianzishwa Thika, serikali ikiwa na hisa ndani, na kufikia 1976 magari yalikuwa yanatoka. Miaka hiyohiyo ya 70 Nairobi ikapata General Motors, ambayo leo ni Isuzu, na Mombasa ikapata AVA. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyochora gari kutoka mwanzo. Gari lilikuja vipandevipande ndani ya makreti, mafundi wetu wakachomelea, wakapiga rangi, wakafunga injini. Hiyo ndiyo CKD. Serikali ikalinda kazi hiyo kwa kubana magari yanayoingia yakiwa mazima. Mwaka 1989 Leyland Kenya ikabadilisha jina, ikawa KVM, Kenya Vehicle Manufacturers.

Kulikuwa pia na ndoto kubwa zaidi. 1986 Rais Moi aliambia Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, hata kama halitapendeza. Wakatengeneza matano ya majaribio, yakaitwa Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa watu 1990. Mwendo wake ulifika kilomita 120 kwa saa. Watu hucheka hiyo stori, mimi sicheki. Wale watu waliweza kuunda gari. Kilichokosekana ni pesa za kujenga kiwanda cha kuliunda kwa maelfu, na gari moja halilishi kiwanda.

Halafu zikaja 90s, na hapo ndipo mambo yaligeuka. Serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa na ya pesa za kigeni. Ghafla mwalimu au mfanyabiashara wa kawaida angeweza kuagiza Toyota iliyotumika Japan, yenye usukani upande wa kulia kama barabara zetu zinavyotaka, kwa bei ambayo gari jipya la kuunganishwa hapa lisingeweza kufikia. Nani angekataa? Viwanda vikaanza kushikilia malori, mabasi na pikapu, kwa sababu huko mtumba haukuwabana vile.

Si kwamba Thika imekata tamaa. Desemba 2016 Volkswagen ilirudi KVM na Polo Vivo. 2017 Peugeot wakafuata. Shida ni ileile: weka Polo Vivo mpya kando ya gari la miaka saba lenye injini kubwa na buti pana, bei zikiwa zinakaribiana, halafu mwambie mtu wa Ruiru mwenye watoto watatu achague kwa uzalendo. Hata Mobius, gari lililobuniwa kwa barabara zetu mbovu, kampuni yake ilitangaza Agosti 2024 kwamba inafunga, kabla ya mnunuzi kujitokeza.

Sasa linganisha na nduthi. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250. Umeona kilichotokea. Stendi ya boda iko kila kona, kuanzia Kimbo hadi Makongeni. Leo pikipiki nyingi zinakuja vipande na kuunganishwa hapa Kenya, na hakuna mtu aliyehubiriwa uzalendo ndio anunue Boxer. Ilikuwa bei anayoweza, kazi ya kuilipa, na spea kwenye kila duka. Uzalendo ulikuja nyuma ya hesabu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Kumewahi kuwa na pendekezo la kushusha umri wa magari ya kuingizwa kutoka miaka 8 hadi 5. Ukifanya hivyo kabla gari la Thika halijakuwa la bei ya mtu wa kawaida, hujajenga kiwanda. Umemrudisha tu mtu kwa matatu. Anza na mikopo ya gari jipya yenye riba ya kibinadamu, na serikali yenyewe inunue la hapa. Mabasi ya umeme ya BasiGo yanaunganishwa KVM, na yanaenda kwa sababu mwenye matatu amepigiwa hesabu akaona inalipa.

Na wewe unayetafuta gari lako la kwanza, hii historia ina kitu chako pia. Ile sheria ya miaka 8 ndiyo inafanya namba za gari zidanganye. Unaona KDA unadhani ni gari la juzi. KDA inakuambia gari lilisajiliwa Kenya lini, siyo liliundwa lini. Gari la 2013 liliweza kuingia 2020 na kupata namba mpya kabisa. Kwa hivyo usilipie herufi. Soma mwaka wa kuundwa kwenye logbuku, linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwa gari, uliza karatasi ya ukaguzi wa Japan uone kilomita zilizoandikwa huko, halafu nenda na fundi wako, siyo fundi wa yadi.

Nikipata pesa ya kununua jipya lililofungwa bolti na jirani yangu wa Thika, nitalinunua na nitaliposti. Kabla ya hapo, mwacheni mtu wa Vitz aendeshe kwa amani.