Ubingwa wa Hoki ya Barafuni: Stanley Yupi?

Mwalimu wa Kigwa, penye njia ya misafara ya kale, asomapo "Kombe la Stanley" aweza kumdhania yule msafiri aliyepita hapo mwaka 1871 akielekea Tabora. Siye. Mtoaji, mwaka 1892, ni Lord Stanley wa Preston, Gavana Mkuu wa Kanada, nalo lilikuwa la ubingwa wa nchi hiyo. Montreal walilitwaa kwanza, 1893.

"Kombe" lafaa kuliko "kikombe": chombo chenyewe kilikuwa bakuli la fedha. "Mpira wa magongo" twaukataa, maana barafuni hapana mpira, bali kisahani cha raba. Tangu 1916 timu za Marekani nazo hulishindania. Basi kwa habari za baadaye mfasiri asiandike "ubingwa wa taifa".