Thimlich Ohinga

Thimlich Ohinga ni makazi ya kale yenye kuta za mawe katika Kaunti ya Migori, kusini-magharibi mwa Kenya. Kwa Kijaluo jina hilo humaanisha boma la mawe katika msitu mnene wa kutisha. Inakadiriwa kwamba yalijengwa katika karne ya 16. Mwaka 2018 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Maboma ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5. Magofu ya pwani, kama yale ya Kunduchi jijini Dar es Salaam, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hapa mawe yamepangwa tu, bila chokaa wala udongo. Kuna safu ya nje na safu ya ndani, na katikati yake vimejazwa vijiwe vya kuzishikamanisha. Milango ni mifupi, hata anayeingia hana budi kuinama.

Ukuta wa namna hii hudumu ukitunzwa, kwani jiwe moja likichomoka mengine hufuata. Jamii zilizopokezana kuishi humo, wakiwemo Wajaluo, ziliukarabati hadi karne ya 20. Baada ya wakazi kuhama, kazi hiyo imebaki kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, huku miti inayoota kutani ikiendelea kulegeza mawe.