Adui Aliyepewa Kazi

Historia ya ufundi wa metali, ukiitazama vizuri, ni historia ya vita dhidi ya kulika. Tangu binadamu alipoanza kufua chuma alijua kwamba alichokitengeneza leo kitaanza kurudi udongoni kesho. Akapaka mafuta, akapaka rangi, akachovya katika zinki. Mimi niliyefundisha kemia kwa miaka mingi, somo la kutu nililifundisha kama mtu asimuliaye habari za adui: chanzo chake ni hiki, kinga yake ni hii. Ndiyo maana nimevutiwa sana na vile vifaa vya visima vya mafuta na gesi vinavyotengenezwa makusudi ili viliwe na maji, vikimaliza kazi vitoweke. Hapa adui amepewa kazi, na safari iliyomfikisha hapo yafaa isimuliwe.

Safari hiyo yaanzia baharini. Wazee wetu wa pwani walikinga majahazi kwa deheni, yaani shahamu na chokaa, ili dudu litoboalo mbao lisiingie. Waingereza, mwaka 1761, walijaribu njia nyingine: waliivika manowari yao iitwayo Alarm mabati membamba ya shaba. Ilipokaguliwa mwaka 1763, baada ya safari ya West Indies, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikutwa imeliwa vibaya. Lakini pale ambapo karatasi ya kahawia ilibaki kati ya chuma na shaba, misumari ilikuwa mizima. Somo lilikuwa wazi hata kabla ya maelezo yake kupatikana: metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa upesi na nyingine husalimika.

Humphry Davy, yule mwanakemia Mwingereza aliyeitenga magnesiamu kwa umeme mwaka 1808, aliigeuza elimu hiyo kuwa kinga. Mwaka 1824 alishauri vipande vya chuma au zinki vifungwe kwenye shaba ya merikebu, viliwe badala yake. Shaba ikapona kweli. Lakini mwani na viumbe wenye magamba wakajazana chini ya merikebu hata mwendo ukawa mzito, kwa kuwa shaba iliyokuwa ikilika kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa ikiwatia sumu. Jeshi la majini likaachana na mpango huo. Kumbe ule ulikaji ulikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilionekana pale tu ulipozuiwa.

Magnesiamu yenyewe ni metali nyepesi mno. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 1.74, ilhali ya chuma ina gramu 7.87. Mwaka 1941 kampuni ya Dow ilianza kuitoa katika maji ya bahari huko Freeport, Texas, na wakati wa vita ilihitajika sana kwa ndege. Tatizo lake lilikuwa lile lile: hulika. Mwaka 1942 Hanawalt, Nelson na Peloubet, watafiti wa Dow, walichapisha utafiti ulioonyesha wachochezi wakubwa, nao ni chembe za chuma, nikeli na shaba. Hata zikiwa chache sana, kila chembe hugeuka kama betri ndogo ndani ya maji ya chumvi na kuila magnesiamu inayoizunguka. Kwa miaka mingi baadaye wayeyushaji walihangaika kuzipunguza chembe hizo.

Sasa twende visimani. Upasuaji wa miamba kwa nguvu ya majimaji ulijaribiwa mara ya kwanza mwaka 1947 katika eneo la gesi la Hugoton, Kansas. Gesi yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo katika mawe ya mchanga yanayoipitisha. Lakini iko miamba iliyobana kama vile Barnett, karibu na Fort Worth, Texas, ambayo haitoi kitu isipopasuliwa. Huko kampuni ya Mitchell Energy ilifanikiwa mwaka 1998 kwa kutumia maji mengi. Baadaye visima vikachimbwa kwa kushuka wima, kisha kukunja na kwenda mlalo kilomita mbili, tatu au zaidi.

Kisima cha namna hiyo hupasuliwa kwa hatua, kuanzia mwisho wake. Sehemu moja ikiisha huwekwa kizibo, ili nguvu ya maji iende sehemu inayofuata. Kazi ikikamilika, vizibo makumi vimebaki njiani, na gesi haiwezi kupita vizuri. Zamani vilikuwa vya chuma cha kalibu, vigumu kusagwa. Vikafuatwa na vya nyuzi zilizogandishwa kwa utomvu, vilivyo laini zaidi. Hata hivyo vilisagwa kwa keekee iliyosukumwa na bomba jembamba refu, na bomba hilo likienda mbali mno hujipinda ndani ya kisima kama springi, halisogei tena.

Ndipo elimu ya mwaka 1942 ikasomwa kinyumenyume. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010, Baker Hughes na kampuni nyingine zilileta tufe za kuzibia, na baadaye vizibo vizima, vya metali inayolika, nyingi zikiwa aloi za magnesiamu. Nikeli au shaba iliyokuwa ikifukuzwa sasa hutiwa kwa kipimo. Kizibo huhimili shinikizo kubwa kwa saa kadhaa, kisha maji ya chumvi na joto la ardhini humla kwa siku au majuma. Hubaki haidrojeni na ungaunga wa haidroksaidi ya magnesiamu, ile ile iliyomo katika dawa nyeupe ya tumbo. Kazi yenyewe haina mzaha: kikiwahi kulika, maji hupotelea kusikotakiwa, kikichelewa, njia imezibika.

Madaktari nao wamo. Mwaka 1878 Edward Huse alitumia nyuzi za magnesiamu kufunga mishipa inayovuja damu, na mwaka 2013 skrubu ya mifupa iliyotengenezwa Ujerumani kwa aloi ya magnesiamu iliidhinishwa Ulaya. Mfupa ukiunga, skrubu inalika polepole, na mgonjwa hapasuliwi tena kwa ajili ya kuitoa.

Ninapoyafikiri haya nashawishika kwamba tumezoea mno kukipima kitu kwa muda kinaodumu. Fundi wa kizibo hiki huanza na maswali mengine: kitaondoka lini, na kitaacha nini? Ni maswali mazuri, lakini ameulizwa kizibo peke yake. Gesi inayopita pale kilipokuwa huchomwa, na hewa ya ukaa itokanayo nayo hukaa angani muda mrefu kuliko maisha yetu sisi tuliyoichoma. Tumejua kukipangia mwisho kifaa kinachoenea mkononi. Ile biashara kubwa kinayoitumikia nayo yangojea kuulizwa maswali yale yale, na wa kuiuliza si mafundi peke yao.