Waliosimama Pamoja na Mutombo



Katika viwanja vyetu vya Masisi na Walikale, afungaye hushangiliwa, naye aliyempa pasi husahauliwa kabla vumbi halijatua. Tuitazame basi historia ya mwana wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024.

Picha yake ijulikanayo zaidi ni ya tarehe 7 Mei 1994: amelala chali sakafuni, ameuinua mpira kwa mikono miwili, uso umejaa furaha. Timu yake, Denver Nuggets, iliyoshika nafasi ya nane katika ukanda wake, ilikuwa imeitoa Seattle SuperSonics iliyoshika ya kwanza. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea katika ligi ya NBA. Nuggets walipoteza michezo miwili ya mwanzo, wakashinda mitatu iliyofuata. Mutombo anastahili sifa, kwa maana alizuia mitupo 31 katika michezo hiyo mitano. Lakini siku ile ya mwisho aliyefunga pointi 23 ni Robert Pack, aliyeanzia benchi, na aliyedaka mipira 19 iliyokosa kikapu ni Brian Williams. Ni wangapi kati yetu tunaoyajua majina hayo? Picha ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Naye aliwatendea wenzake vivyo hivyo. Mchezaji wa mbele aliweza kuthubutu kumpokonya mpinzani mpira, akijua kwamba hata akipitwa, nyuma yake upo mkono mrefu. Mwaka 2001, huko Philadelphia, alifika fainali pamoja na Allen Iverson, mchezaji bora wa msimu huo. Yeye mwenyewe alitajwa mlinzi bora kwa mara ya nne. Los Angeles Lakers wakawashinda 4–1. Hakuwahi kutwaa ubingwa, na wapo wanaompunguzia heshima kwa sababu hiyo. Sisi hatuikubali hesabu hiyo: kombe hutwaliwa na timu, na timu ndiyo hulikosa.

Mama yake, Biamba Marie, alifariki Kinshasa wakati machafuko yalipozuia asifikishwe hospitalini. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa maana ya njia iliyofungwa. Mwana akajenga hospitali kwa jina la mama, ikafunguliwa mwaka 2007. Miongoni mwa waliochangia alikuwamo Alonzo Mourning, mwenzake wa Chuo Kikuu cha Georgetown, ambaye baadaye walisukumana kwa miaka mingi chini ya kikapu, kila mmoja na jezi yake.